Watoto Walalao Mbali na Nyumbani: Habari za Handeni na Korogwe

Wasikilizaji wetu, leo tumekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mzazi hulijua, ijapokuwa si wengi walisemao. Mtoto huondoka nyumbani na kitanda chake cha kukunja, au mkeka na shuka, akaenda kulala mahali pengine pamoja na watoto wenzake. Mama hubaki akisikiliza usiku. Nani yuko karibu naye? Maji anywayo yametoka wapi? Moto ukizuka, mlango utafunguliwa na nani?

Siku hizi safari hizo ni nyingi. Wako watoto wa bweni, wako wa kambi za dini, wako maskauti, na wako wale wakusanywao kulala shuleni majuma machache kabla ya mtihani, katika madarasa yaliyogeuzwa kuwa malalo. Watu hudhani kwamba hayo ni mambo mapya, na kwamba kanuni za kuwalinda watoto wa namna hiyo ni mambo ya ofisini. Sivyo. Nchi ya Handeni na Korogwe imekuwa na makambi ya watoto tangu zamani sana, na kila kambi lilikuwa na sheria zake. Twataka kuzifuata sheria hizo hatua kwa hatua, tuone zilifaa wapi na zilipungua wapi.

Kambi la kwanza ni kumbi la jando. Handeni ni nchi ya Wazigula. Korogwe, ukingoni mwa Mto Pangani, hukutana Wazigula, Wasambaa na Wabondei. Hao wote walitahiri vijana wao, na kama ilivyokuwa katika makabila mengi ya pwani na bara yake, vijana walitengwa na mji mpaka wapone na kufundwa. Mtu asiyejua huona giza na ngoma tu. Lakini atazamaye vizuri ataona kanuni za afya. Aghalabu jando liliwekwa baada ya mavuno, wakati wa baridi na ukavu: chakula kimo ghalani, nzi si wengi, na kidonda hupona upesi. Ngariba hakuwa mtu yeyote tu, bali mtu aliyejulikana kwa kazi yake. Kila kijana alikuwa na mkubwa wa kumwangalia, kumlisha na kumwosha. Moto haukuachwa uzimike. Wageni hawakuingia ovyo. Kwa maneno ya leo twaweza kusema kwamba palikuwa na majira yaliyochaguliwa, fundi aliyejulikana, mwangalizi kwa kila mtoto, na mpaka wa kuwazuia watu wasiohusika.

Hata hivyo haifai kusifu mambo ya kale kupita kiasi. Kisu kimoja kilipita kwa vijana wengi, na hakuna aliyejua habari za vijidudu. Tena lilikuwako jambo zito kuliko kisu, nalo ni siri. Ua wa kumbi ulimlinda mtoto na watu wa nje, lakini ulimficha pia na mama yake. Simulizi za makabila mengi ya Afrika ya Mashariki na ya Kati zasema kwamba kijana akifa kumbini alizikwa huko huko, na mama hakupewa habari mpaka wenzake mwanawe watoke, naye asimwone wake. Wazee waliona kwamba habari ile ingevunja moyo wa wengine. Labda waliona haki. Lakini kifo kisichotajwa hakimfundishi mtu. Ikiwa kijana alikufa kwa kidonda kuoza, mwaka wa pili kisu kilikuwa kile kile.

Basi walipokuja wamisioni wa UMCA katika nchi ya Wabondei, wakaweka kituo chao Magila na baadaye Korogwe, walikutana na galo, jando la Wabondei. Walilipinga. Kwa macho yao lilikuwa ni mambo ya kipagani, nao walitaka Wakristo waliache kabisa. Lakini desturi ipingwayo haifi. Hujificha zaidi, na ua wake huwa mrefu kuliko kwanza. Kusini, huko Masasi, padre mmoja wa misheni hiyo hiyo, Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuwa Askofu wa kwanza wa Masasi, alifuata njia nyingine. Tangu mwaka 1913 alilitwaa jando likawa chini ya uangalizi wa kanisa, akaacha yaliyofaa na kuondoa yaliyopingana na imani. Watu wamebishana sana juu ya kazi yake, nasi hatutaki kuamua ubishi huo leo. Twataka tu mwone kwamba alifungua mlango katika ua: mtu wa nje aliyeaminiwa aliweza kuingia, kutazama, na kutoka akasema alichokiona.

Kambi la pili lilikuja na katani. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya katani kutoka Florida. Iliyofika mizima ilikuwa 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata. Watu waliletwa kutoka mbali, wakaitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake, wakalazwa katika kambi za mashamba. Watoto nao walikuwamo, wengine pamoja na wazazi wao, wengine wakifanya kazi zilizoitwa nyepesi, kama kupalilia.

Serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya mabwana na watumishi mwaka 1923, iliyomtaka mwenye shamba awape watu wa mkataba nyumba, chakula na dawa. Mwaka 1926 ikaweka idara ya kazi, chini ya Meja Orde Browne, ili maafisa wake wazunguke na kuangalia. Huu ulikuwa mwanzo mwema. Lakini bei ya katani ilianguka sana wakati wa dhiki kuu ya dunia, na mwaka 1931 idara ile ikafutwa ili kupunguza gharama. Ilichukua miaka kadhaa hata ikarudishwa. Angalieni jambo hili, maana ndilo kiini cha mazungumzo yetu: sheria haikufutwa. Maneno yalibaki kitabuni kama yalivyokuwa. Kilichoondolewa ni jicho. Na kwa mtoto alalaye kambini, sheria isiyo na jicho ni kama hakuna.

Kambi la tatu ni bweni la shule. Hapo hatuna budi kutaja misiba, nasi twaitaja kwa heshima. Mwezi wa Juni 1994 bweni la wasichana la shule ya Shauritanga, katika Kilimanjaro, liliungua, wakafa wasichana zaidi ya 40. Mwezi wa Agosti 2009, Idodi katika Iringa, walikufa wasichana 12. Jirani zetu wa Kenya walipata msiba mkubwa mwezi wa Machi 2001 huko Kyanguli, Machakos: wavulana 67 walikufa katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yake yana vyuma. Vyuma vile viliwekwa ili wezi wasiingie. Ua umlindao mtoto, tena, ndio uliomzuia asitoke.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilitoa kitabu cha kanuni za usalama wa shule. Kimeagiza milango ya bweni ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma. Ni kanuni njema, na fundi seremala yeyote aweza kuzifuata. Lakini mwezi wa Septemba 2024 bweni la shule moja ya Nyeri liliungua, wakafa wavulana 21. Miaka 16 ilikuwa imepita tangu kitabu kile kipigwe chapa. Wasikilizaji, kumbukeni habari ya mwaka 1931.

Na Tanzania je? Mwaka 1968 ilitungwa sheria ya makao ya watoto, na mwaka 1981 sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana. Zote mbili ziliingizwa katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo imesema kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na kwamba ni marufuku kumtesa au kumtendea jambo la kumdhuru mwili au akili, hata kama jambo lenyewe ni desturi. Maana yake, kumbi la jando nalo limo chini ya sheria. Mwezi wa Machi 2023 Kamishna wa Elimu alikataza shule zisiwalaze bwenini watoto wa madarasa ya awali hata darasa la nne. Wako wazazi walionung'unika, kwa kuwa kazi zao huwaweka mbali na nyumbani. Lakini mtoto wa miaka sita aweza kushindwa kueleza alilotendewa usiku.

Hata hivyo twaona pengo moja. Leseni nyingi hutolewa kwa nyumba: ukuta, paa, vyoo, jiko. Mkaguzi huja, huipima nyumba, huandika. Lakini kambi la majuma mawili halina nyumba yake. Hukusanyika katika darasa, kanisani, msikitini au uwanjani, kisha hutawanyika. Mkaguzi akija, halijaanza, akirudi, limekwisha. Hapo ndipo mtoto awezapo kupotea katikati ya kanuni.

Nchi nyingine zimejifunza hayo kwa machozi. Mwaka 1993 watoto wa shule wanne wa Uingereza walikufa baharini, Lyme Bay, walipopelekwa kupiga makasia na kituo cha michezo. Waalimu wawili waliokuwa wameacha kazi pale kituoni walikuwa wamekwisha kuonya kwa barua kwamba mambo si salama. Barua ilisomwa, haikufuatwa. Mwaka 1995 Bunge lilipitisha sheria juu ya vituo vya namna hiyo. Tarehe 4 Julai 2025, katika Texas, Marekani, mto Guadalupe ulifurika usiku, wakafa watoto na waangalizi 27 wa kambi moja la wasichana. Mwaka ule ule dola ile ilikataza vibanda vya kulala watoto mahali pafikiwapo na mafuriko. Nasi watu wa ukingo wa Pangani, mto ambao umefurika mara nyingi, hatuna haja ya kufundishwa na Texas kwamba maji huja usiku.

Tena Korogwe yenyewe inayo habari ya kuwafundisha wengine. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilipokuwa ikijaribiwa, mahali pawili palichaguliwa kwa jaribio moja kubwa: Kilifi katika Kenya na Korogwe. Watoto 894, wa umri wa miezi 5 hata 17, waliingia katika jaribio hilo, na habari zake zilitangazwa mwezi wa Desemba 2008: homa za malaria zilipungua kwa zaidi ya nusu. Mwezi wa Oktoba 2021 Shirika la Afya la Dunia lilipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wa Afrika. Lakini sisi leo twatazama jinsi kazi ile ilivyofanywa. Hakuna mtoto aliyechomwa sindano pasipo mzazi kuelezwa na kukubali. Kila ugonjwa uliandikwa, kila kifo kilichunguzwa sababu yake, na watu wasio wa kazi ile walipewa mamlaka ya kuitazama na kuisimamisha. Je, si ajabu kwamba mama wa Korogwe ameelezwa yote kabla ya sindano moja, lakini humpeleka mwanawe kambini kwa usiku 14 pasipo kuambiwa hata jina la mtu atakayelala karibu naye?

Basi tukiyakusanya haya yote, twaona kwamba wazee wa kumbi walijua mengi: majira, fundi, mwangalizi. Serikali nazo zilijua mengi: nyumba, dawa, milango. Waliposhindwa, wote walishindwa kwa jambo moja, nalo ni kukosa mtu wa nje mwenye ruhusa ya kuingia na ujasiri wa kusema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa hauonekani na mtu asiyeruhusiwa kuingia ndani.

Kwa hiyo twawaomba wazazi wa Handeni na Korogwe, na wa kila mahali, wasione haya kuuliza kabla ya kumkabidhi mtoto. Nani atajibu kwa ajili yake, kwa jina? Watalala wavulana wapi na wasichana wapi, na mtu mzima gani karibu nao? Iko chandarua? Maji yachemshwa? Mlango hufunguka kwa nje, na ufunguo anao nani usiku? Mtoni ni mbali kiasi gani? Zahanati iko wapi, na gari ni la nani? Naweza kuja wakati wowote bila kutoa habari kwanza? Mwalimu mwema au padre au shehe mwema hatachukia maswali hayo. Akichukia, hilo nalo ni jibu, na mtoto na arudi nyumbani pamoja nawe.

Na siku mtoto atakaporudi, mketishe karibu, umpe chakula, umwulize aliyoyaona. Kisha unyamaze, umsikilize. Maana yeye ndiye mkaguzi wa pekee aliyekuwako usiku kucha.