Mchagua Mshipi

Wahenga walituachia methali isemayo, "Mchagua jembe si mkulima." Sisi walimu tuliitumia sana kuwakemea wavivu, wale ambao kwao kila jembe ni zito na kila mpini ni mbaya. Lakini lau methali hiyo ingezaliwa Kunduchi au Msasani badala ya shambani, nadhani ingesema kinyume. Baharini, asiyechagua ndiye si mvuvi.

Tutazame kwanza wenzetu wa mbali. Huko Marekani wako watu wanaovua ziwani wakiwa wamekaa ndani ya boya la mviringo, ambalo hapo awali lilitengenezwa kwa mpira wa ndani wa gurudumu la gari. Mvuvi hukaa katikati, miguu ikining'inia majini, amevaa mapezi ya mpira ya kujisukumia. Chambo chake ni nzi bandia wa manyoya. Nzi huyo hana uzito wa kumwezesha kutupwa mbali. Abebwaye na mshipi wenyewe, ambao ni mnene, na kila urushwapo mbele sharti kwanza unyooke nyuma ya mvuvi. Kwa aliyesimama ukingoni hilo si taabu. Huyu aliyekaa karibu sawa na maji akitumia ufito mfupi, mshipi huanguka majini kabla haujanyooka. Ndiyo sababu wengi huchagua ufito wa futi 9 au 10. Wala hawathubutu kuzidisha sana, kwani ufito ukiwa mrefu kupita kiasi, samaki aliyekwisha choka hubaki mbali na mkono, na mwenye boya hana pa kurudi nyuma. Kwa hiyo anayeamua ufito ni kiti.

Ufito wa nzi bandia uliwahi kufika kwetu. Walowezi walianza kupanda samaki wa trauti katika mito baridi ya Kenya mwaka 1905, na baadaye mito ya milimani Tanganyika nayo ikapandwa. Pwani, hata hivyo, ufito huo haukupata wafuasi miongoni mwa wavuvi wetu. Je, ni kwa ujinga? La hasha.

Fikiria ngalawa ya Mbweni, au ya Kigamboni tangu ilipokuwa bado sehemu ya Temeke. Ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, jembamba kiasi kwamba bila matengo yake mawili, yale mabawa ya mbao ya kushoto na kulia, lingepinduka. Wataalamu wengi huamini kwamba ufundi wa matengo uliletwa na mabaharia waliotoka visiwa vya Indonesia, ndugu za wale waliokwenda kukaa Bukini. Ndani yake mna mlingoti, tanga na watu wawili au watatu. Ufito mrefu ungepigana na kila kitu. Zaidi ya hayo, changu na chewa wako chini kwenye miamba, si mbele. Mshipi hushushwa wima, ndoana na chubwi la risasi vikitangulia, na kidole ndicho kinachosikia samaki anapogusa.

Mwaka 1935, katika maabara ya kampuni ya DuPont, Wallace Carothers aligundua nailoni. Uzi huo hauozi kama pamba, na majini hauonekani kwa urahisi. Ulipofika pwani yetu, wavuvi waliupokea. Tazama basi busara yao: walichukua uzi, wakauacha ufito.

Kuchagua huko ni kwa kale. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza baada ya Kristo, kinataja mitumbwi ya gogo katika kisiwa kimoja cha pwani hii, na vikapu vya kutegea vilivyofungwa kwenye mikondo kati ya miamba. Kila mahali palikuwa na zana yake.

Chombo kisichochagua ni baruti. Haiulizi kina, wala aina, wala umri wa samaki. Huua mzazi na kinda pamoja, wengi wakazama bila kuokotwa, na matumbawe yaliyokuwa nyumba yao yakavunjika. Sheria ya mwaka 1970 iliipiga marufuku, na mwaka 1975 Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini yakatangazwa kuwa maeneo ya hifadhi. Hata hivyo milipuko iliendelea kusikika pwani ya Dar es Salaam kwa miaka mingi baada ya hapo.

Mwenye baruti hahitaji kujua lolote. Mwenye mshipi hujua maji yamejaa au yamekupwa, mwamba uko wapi, na ndoana ipi ni ya mdomo upi. Elimu hiyo haikuandikwa katika muhtasari wowote wa masomo niliopata kuufundisha, nayo hupotea mara moja kijana anapopewa njia isiyomdai kuchagua. Bwana wa kwenye boya anayepima futi zake kumi, na mzee wa Kunduchi anayepima ndoana kwa ukucha, wangeelewana bila mkalimani.

Methali ya jembe na ibaki shambani kwa ajili ya wavivu. Vijana wetu wa pwani tuwafundishe kuchagua.