Volkswagen Namba 256 na Magari ya Waya ya Kibwezi

Leo, ndugu wasomaji, naweka kando mambo ya programu na hifadhidata. Au tuseme naweka kando nusu tu, maana mwishoni nitarudi huko huko. Nataka tuzungumze juu ya vigari vya kuchezea.

Nilipokuwa mdogo kule Kibwezi, mjomba wangu aliyefanya kazi Nairobi alikuja nyumbani Krismasi moja na kigari chekundu cha chuma, Volkswagen ya mgongo wa kobe. Rangi ilikuwa imebambuka na tairi moja halikuwepo, lakini kilikuwa kizito mkononi na juu ya paa kilibeba tairi la spea. Ukilizungusha tairi hilo, magurudumu ya mbele yanapinda kushoto na kulia. Kijiji kizima kilikuja kuona ajabu hiyo!

Ilinichukua miaka mingi kujua nilikuwa na nini. Ilikuwa Corgi Toys namba 256, iliyotoka mwaka 1965, na jina lake kamili lilitaja East African Safari. Ilipouzwa dukani ilikuwa na sanduku lake, na ndani ya sanduku, pamoja na gari, kulikuwa na kifaru. Naam, kifaru! Mimi sikuwahi kukiona hicho kifaru, wala sanduku.

Sasa historia kidogo. Vigari vya namna hii hutengenezwa kwa kuyeyusha zinki iliyochanganywa na alumini na metali nyingine kidogo, kisha kuisukuma kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Mchanganyiko huo huyeyuka kwa joto dogo ukilinganisha na chuma, kwa hiyo kalibu moja hutoa vigari vingi sana kabla ya kuchakaa. Kampuni ya Meccano ya Liverpool, iliyoanzishwa na Frank Hornby, ilianza kuviita vyake Dinky Toys mwaka 1934. Mwaka 1953 Lesney wa London wakaanza kuuza vigari vidogo vya Matchbox vilivyoenea kwenye kisanduku mfano wa kiberiti. Corgi walikuja mwaka 1956 kutoka Swansea, Wales, wakijivunia kwamba vyao vina vioo vya madirisha.

Mwaka huo huo wa 1953 ndipo yalipoanza mashindano yetu. Elizabeth wa Pili alikuwa anatawazwa Uingereza, na wapenda magari wa Kenya, Uganda na Tanganyika wakaandaa safari ndefu ya vumbi na matope kwa heshima yake. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilishinda mwaka 1954, ikarudia 1957 na tena 1962. Kwa hiyo Corgi walipoitengeneza namba 256 hawakuwa wanaota. Mtoto wa Swansea alikuwa anasukuma sakafuni gari lililopata sifa kwenye barabara zetu.

Nasema zetu kwa sababu barabara ya Mombasa hupita katikati ya Makueni: Emali, Makindu, Kibwezi, hadi Mtito Andei. (Enzi hizo Makueni ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos. Ilipewa wilaya yake mwaka 1992.) Kwa miaka mingi sehemu za barabara hiyo na njia za pembeni zilikuwa kwenye ramani ya Safari. Kwetu Pasaka ilikuwa na mambo mawili, kanisa na Safari. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwishatumika, akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo, 1979 hadi 1982. Majina hayo tuliyajua kuliko ya mawaziri.

Na sisi watoto tulifanya nini? Tulijenga magari. Waya wa ua ulikuwa fremu, mkebe wa Kimbo ukawa bodi, na ndara kuukuu zikakatwa kuwa matairi. Waya mrefu wenye usukani juu ulikuwezesha kuliendesha ukiwa wima, ukikimbia nyuma yake. Ukienda Kitui ungekuta watoto wa huko na magari kama hayo, isipokuwa kila kijiji kilikuwa na fundi wake na mtindo wake. Wengine waliweka springi za kweli chini. Rafiki yangu mmoja alitengeneza Datsun yenye milango ya kufunguka, akaandika namba ubavuni kwa makaa.

Hapa ndipo panaponiuma. Namba 256 ina kumbukumbu zake zote: mwaka, rangi, kiwanda, hata kifaru. Wakusanyaji wanajua chenye sanduku kina thamani kuliko kisicho nalo. Hata magonjwa yake yanajulikana: vigari vingi vya kabla ya vita vinapasuka na kumomonyoka vyenyewe kwa sababu risasi kidogo iliingia kwenye zinki kiwandani. Ni kama kosa dogo kwenye programu, linalokaa kimya miaka mingi ndipo liangushe kila kitu.

Datsun ya rafiki yangu haina kumbukumbu yoyote. Ilikanyagwa na ng'ombe, waya ukarudi kwenye ua. Kampuni zile pia zilianguka, Meccano ya Liverpool mwaka 1979, Lesney 1982, na Corgi ya Swansea 1983, lakini kazi yao ipo kwa sababu kila kitu kilipewa namba na mtu akakiweka kabatini. Sisi tulikuwa na viwanda kila kijiji na hatukuandika kitu.

Safari yenyewe iliondoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002 na kurudi 2021, safari hii Naivasha. Watoto wa Kibwezi hawaioni tena ikipita.

Kwa hiyo nimefanya jambo dogo. Nimetengeneza hifadhidata yenye jedwali moja: kijiji, mwaka, aina ya gari, waya ulitoka wapi, matairi yalikuwa ya nini, fundi alikuwa na umri gani. Namba 1 ni ile Datsun, niliyoichora kwa kukumbuka. Mwenye nayo alicheka sana nilipompigia simu, kisha akanyamaza, kisha akanisahihisha: taa za mbele zilikuwa vizibo vya soda, si vifuniko vya dawa.

Nimesharekebisha. Kama ulijenga lako, Kitui, Makueni au popote, niambie kabla hujasahau vizibo vilikuwa vya nini.