Vita vya Darini, Davos

Utotoni tulipigana vita vya vizibo vya soda barazani kwa bibi: vyekundu huku, vya kijani kule, kokoto ndizo mizinga. Ikiingia magharibi bibi anapitisha ufagio. Kesho yake maiti wote wamefufuka, na mshindi wa jana hana hata kijiji cha kuonyesha. Kilichotupungukia nilikijua ukubwani, niliposoma habari za mwandishi Robert Louis Stevenson.

Majira ya baridi ya 1881 kuingia 1882 Stevenson alikuwa Davos, milimani Uswisi, akiuguza mapafu. Pamoja naye alikuwepo mtoto wa mkewe, Lloyd Osbourne, mwenye miaka 13. Wawili hao walipanda ngazi mbovu hadi darini na vijiaskari vyao vya kuchezea, wakachora nchi nzima sakafuni kwa chaki: milima, mito, miji, madaraja. Barabara zilikuwa za aina mbili. Nazipenda mno aina hizo mbili. Kwa mstari wa chaki tu, jemadari anaanza kuwaza atapita wapi kabla hajawaza atampiga nani. Vita vya saa chache vikageuka vita vya wiki nzima nzima.

Kisha yakaja magazeti. Stevenson aliandika taarifa za mapigano kana kwamba yuko mstari wa mbele. Gazeti moja, Yallobally Record, lilimchafua Jenerali Osbourne, naye jenerali akaamuru mhariri anyongwe. Likafuata gazeti lenye adabu zaidi. Mhariri yule hakuwa na kijiaskari chake pale sakafuni. Aliishi kwenye karatasi tu, lakini kufa kwake hakukufutika kulipokucha.

Osbourne alizichapisha habari hizi mwaka 1898, miaka minne baada ya Stevenson kufariki Samoa. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akatoa kanuni zake za vita vya vijiaskari katika kitabu Little Wars, na mwaka 1973 Mwingereza Tony Bath akaandika kitabu kizima cha kuyaunganisha mapambano ya mezani yawe kampeni moja.

Mimi nimemnunulia mwanangu chaki, nyeupe ya barabara nzuri na nyekundu ya mbaya. Barabara ya bandarini sasa ni nyekundu, maana daraja lilivunjwa Jumapili. Vizibo vya kijani vimebaki 19. Idadi ameiandika mwenyewe daftarini, na bibi yake ameombwa asifagie upande ule.