Tamathali za semi na istilahi zinazokaribiana nazo

Fasili

Tamathali ya semi (nchini Kenya aghalabu tamathali ya usemi) ni matumizi ya neno au kifungu cha maneno kwa namna inayoihamisha maana kutoka ile ya kawaida hadi nyingine, kwa kutegemea uhusiano fulani baina ya maana hizo: kufanana, kuandamana, kupingana au kutiliwa chumvi. Anayesema "Bi Zuhura ni nguzo ya ukoo" hazungumzii mti uliosimikwa ardhini. Ameliazima neno *nguzo* ili kumweleza mtu ambaye jamaa zake humtegemea.

Istilahi hii huchanganywa mara kwa mara na mbinu za lugha, nahau, methali, taswira na ishara. Mtahiniwa anayeulizwa tamathali za semi akajibu kwa takriri na tanakali sauti anaweza kukosa alama ingawa mifano aliyoitoa ipo kweli katika matini. Mfasiri naye asipong'amua kwamba kifungu ni tamathali, hukifasiri neno kwa neno na kumpotosha msomaji.

Asili ya istilahi

*Tamathali* ni neno lenye asili ya Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa pia *methali*, *mithali* na *mithili*. Dhana ya msingi ni kufananisha. Istilahi nyingine kadhaa za uwanja huu, kama vile tashbihi, istiara, kinaya na mubalagha, zimetokana na elimu ya balagha ya Waarabu, ambayo Abd al-Qahir al-Jurjani, mwanazuoni wa karne ya 11, aliichangia pakubwa.

Hata hivyo, asili ya neno haitoshi kuamua maana yake ya leo. Katika balagha ya Kiarabu, kinaya ni kulidokeza jambo kwa kutaja jingine linaloandamana nalo. Katika Kiswahili, ni usemi au hali inayokwenda kinyume na inavyotarajiwa. Vilevile, majazi katika Kiarabu ni matumizi ya neno nje ya maana yake ya asili, ilhali katika ufundishaji wa fasihi nchini Kenya ni kumpa mhusika jina linaloafiki tabia yake.

Kipimo cha kutofautisha

Mbinu ya lugha ni istilahi pana: hujumuisha kila namna ya kuitumia lugha kwa ufundi. Kwa hiyo, kila tamathali ni mbinu ya lugha, lakini si kila mbinu ya lugha ni tamathali. Utengano huu ni wa kale. Quintilian, mwalimu wa ufasaha wa Roma katika karne ya 1, alizijadili tamathali katika kitabu cha 8 cha *Institutio Oratoria*, na miundo ya usemi katika kitabu cha 9.

Kipimo rahisi ni kubadilisha. Weka usemi wa kawaida mahali pa usemi unaochunguzwa, kisha utazame kilichopotea.

(a) "Njaa ilibisha hodi kila nyumba." Usemi wa kawaida: "Watu wa kila nyumba walikosa chakula." Kitenzi *kubisha hodi* hakikuwa na maana yake ya kawaida, kwa kuwa njaa haina mkono wala sauti. Hii ni tamathali, nayo ni tashihisi.

(b) "Alilia, akalia, akalia." Usemi wa kawaida: "Alilia kwa muda mrefu." Kitenzi *kulia* kilikuwa na maana yake ileile, kilichopotea ni mkazo na mdundo. Hii ni takriri, mbinu ya lugha isiyo tamathali.

Tashbihi huonekana kukikwepa kipimo hiki. Katika "Juma ni mkali kama simba", neno *simba* lingali linamtaja mnyama mwenyewe, na ndiyo sababu wanabalagha wengi wa Kiarabu hawakuihesabu tashbihi kuwa majazi. Mapokeo ya Kiswahili huiweka miongoni mwa tamathali kwa kuwa nguvu ya usemi mzima hutokana na ulinganisho. Kiunganishi kikiondolewa, "Juma ni simba", huwa sitiari, na hapo maana ya *simba* imehama.

Tamathali na nahau

Nahau ni kifungu kilichokwisha kuganda. "Amepata jiko", kwa maana ya kuoa, hakibadiliki kuwa "amepata meko" bila kupoteza maana. Tamathali huachia nafasi ya uteuzi: Bi Zuhura aweza kuwa nguzo, mwamba au mzizi wa ukoo, kwa kadiri ya msemaji anavyotaka kumwonyesha. Nahau nyingi zilianza kama tamathali, kisha mazoea yakazigandisha.

Tamathali na methali

Maneno "za semi" huwafanya baadhi ya wasomaji wadhani kwamba tamathali ni tanzu za semi, kama methali na vitendawili. Methali ni kipera cha fasihi simulizi. Tamathali ni chombo kinachoweza kutumika ndani yake. "Haba na haba hujaza kibaba" ni methali kwa utanzu wake. Ndani yake mna takriri ya *haba*, na ukiitumia kumshauri mtu anayeweka akiba ya fedha, kibaba huwa sitiari.

Tamathali na taswira

Taswira ni picha inayojengeka akilini mwa msomaji. Sentensi "Nguo zilining'inia kambani, maji yakidondoka juu ya vumbi" huleta picha kamili, ingawa kila neno limebaki na maana yake ya kawaida. Tamathali ni njia mojawapo tu ya kujenga taswira.

Tamathali na ishara

Ishara hubaki kuwa kitu chenyewe huku ikibeba maana ya ziada. Mvua inayonyesha mwishoni mwa riwaya hunyesha kweli na kuwalowesha wahusika. Wakati huohuo yaweza kuashiria mwanzo mpya. Katika "Juma ni simba", hakuna simba katika tukio.

Tanbihi za matumizi

1. Kinaya huwa tamathali pale tu kinapokuwa katika maneno, kama kumwambia mwanafunzi aliyechelewa, "Leo umewahi sana." Kinaya cha hali, kama mwizi kuibiwa, ni mbinu ya usimulizi, maneno yanayokieleza hayana maana iliyohama.

2. Sitiari na istiara zina asili moja, yenye maana ya kuazima. Waandishi wengine huzitumia kama visawe. Wengine huitenga istiara kwa masimulizi mazima yenye maana fiche. Afadhali mwandishi aeleze amechagua lipi.

3. Mubalagha (pia chuku) ni kutia chumvi. Isichanganywe na swali la balagha, ambalo halihitaji jibu na ambalo nchini Tanzania huitwa tashtiti.

4. Vitabu vya shule vya Tanzania aghalabu huziweka takriri, tanakali sauti na tashtiti chini ya "mbinu nyingine za kisanaa", mbali na tamathali za semi. Nchini Kenya, mbinu hizi na tamathali huweza kujumuishwa chini ya "mbinu za lugha". Mpangilio hutofautiana kwa mapokeo, si kwa usahihi. Msomaji anayevuka mpaka hana budi kusoma swali kwanza, ndipo atoe mifano.