Mrithi na Omusika: Historia Fupi ya Mirathi Nchini Uganda

Mwalimu wa Kiswahili mjini Kampala akiwataka wanafunzi wafasiri neno la Kiganda omusika, wengi watajibu upesi: mrithi. Si kosa, lakini jibu hilo linaficha jambo. Mrithi wetu ni mtu apataye mali ya marehemu. Omusika hushika nafasi yake: siku ya okwabya olumbe huvishwa vazi la gome la mti, na tangu hapo huitwa baba hata kama ni kijana. Mali huja baadaye.

Sheria ya Mirathi ya mwaka 1906 ilitungwa na Waingereza. Amri ya mwaka 1972, enzi za Idi Amin, ndiyo iliyoweka hesabu: mwanamume akifa bila wosia, uzao wake upate asilimia 75, wake 15, wategemezi wengine 9, mrithi wa kimila 1. Waliokuwa wake watatu waligawana hizo 15. Tena nyumba ya marehemu haikuingia katika hesabu hiyo. Iliwekwa kwa ajili ya "mrithi wa kisheria", ambaye katika kumtafuta mwanamume alitangulizwa mbele ya mwanamke. Mjane alikuwa na haki ya kukaa tu, nayo ilikoma akiolewa tena. Tazama jinsi neno moja lilivyozaa watu wawili!

Katika talaka hali ilifanana. Sheria ya mwaka 1904 ilimtaka mume athibitishe zinaa peke yake, lakini mke aongeze ukatili, kutelekezwa au kosa jingine. Wanasheria wanawake wa FIDA-Uganda waliipinga, na Machi 2004 Mahakama ya Katiba ikabatilisha ubaguzi huo. Aprili 2007, katika kesi nyingine, vifungu vya mirathi navyo vikaanguka.

Hukumu, hata hivyo, hubomoa tu. Kujenga ni kazi ya Bunge, nalo lilichukua miaka 15. Katika kipindi hicho mjane alikuta kifungu cha ugawaji kimefutwa na kipya hakijaandikwa.

Sheria ya mwaka 2022 inampa mwenzi wa ndoa, mke au mume, asilimia 20, wategemezi 4, uzao 75. Kumfukuza mjane nyumbani sasa ni jinai. Omusika amebaki na 1 yake. Katika darasa la tafsiri mimi humwacha aitwe omusika.