Arua ya Zamani: Makanisa na Mtaa wa Oli

Mji wa Arua ulianza mwaka 1914 kama boma la Waingereza. Mwaka huohuo eneo hili, lililokuwa sehemu ya eneo la Lado chini ya Wabelgiji hadi 1910, kisha chini ya Sudan, liliunganishwa na Uganda.

Mvara. Misheni ya Africa Inland ilifika mwaka 1918. Leo hapa pana Kanisa Kuu la Emmanuel la Waanglikana.

Ediofe. Kituo cha wamisionari Wakomboni. Kanisa lake la Moyo Mtakatifu wa Yesu ni kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Arua; jimbo hilo liliundwa mwaka 1958.

Oli. Mtaa wa Waislamu wengi, Wanubi wakiwemo. Kinubi, Kilugbara, Kiswahili na Kilingala husikika sokoni. Kiswahili kilienezwa na askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na wafanyabiashara.

Vita vya 1979 na 1980 viliharibu majengo mengi ya Arua, na maelfu ya watu walikimbilia Zaire na Sudan. Waliorejea waliujenga mji upya. Tafadhali tuyatunze majengo yaliyosalia: ni urithi wetu sote.