Jinsi ya kuwatembeza jamaa mjini Garissa kwa gharama nafuu

WAKAZI wa Masalani na sehemu nyingine za Ijara wanapofika Garissa, aghalabu huja kwa shughuli maalumu: matibabu, masomo, hati za serikali au harusi ya jamaa. Shughuli ikikamilika na siku moja ikabaki kabla ya safari ya kurudi, mwenyeji hujikuta akijiuliza awapeleke wapi wageni wake ilhali mfuko umetoboka.

Mji huu waweza kutembelewa kwa miguu kwa fedha kidogo sana. Kinacholeta gharama ni jua. Garissa iko karibu na ikweta, kwenye nyanda za chini za takriban mita 150 juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 35 za Selsiasi. Familia isiyopanga saa zake hujikuta ikinunua maji ya chupa kila kona na kukodi tuktuk ya dharura. Isitoshe, yaweza kumpeleka nyanya au mtoto mchanga hospitalini akiwa amezidiwa na joto.

Kwa hivyo, gawa siku mara mbili. Matembezi ya kwanza yaanze saa 12 na nusu asubuhi na kukamilika kabla ya saa 5. Kuanzia hapo hadi baada ya sala ya alasiri, watu wote wawe nyumbani au kivulini. Matembezi ya pili yaishe kabla ya magharibi, ambayo huku hubadilika kwa takribani nusu saa tu mwaka mzima. Mwendo uwe ule wa mtu dhaifu zaidi katika msafara, si wa vijana.

Asubuhi: mnada au twiga

Kama siku yenu ni Jumatano, nendeni kwenye soko la mifugo, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya ng'ombe katika Afrika Mashariki. Hapo hufikishwa mifugo kutoka pembe zote za kaunti na hata kutoka Somalia, kisha husafirishwa kuelekea Nairobi na Pwani. Mtazamaji halipi chochote. Mzee aliyefuga maisha yake yote atafurahia kulinganisha bei na za kwao, nao watoto watawaona madalali wakipatana kwa kushikana vidole chini ya nguo ili wengine wasijue bei. Watoto washikwe mikono, na kila mtu awe na kitambaa cha kuzuia vumbi.

Siku nyingine, Hifadhi ya Twiga ya Bour-Algi, iliyo takriban kilomita 5 kusini mwa mji, yafaa zaidi. Twiga wake ni wale ambao ngozi yao imechorwa mistari myeupe mithili ya wavu. Kwenda na kurudi kwa miguu ni safari ndefu mno kwa wazee na watoto, hivyo kodini tuktuk na kuhifadhi nguvu za kutembea kwa ajili ya hifadhini. Patanani nauli ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, na ulizeni mapema kama kuna kiingilio.

Hata hivyo, waulize wageni kwanza. Ijara ni nyumbani kwa hirola, swala adimu mno duniani, ambaye hulindwa katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini. Mtu aliyekulia karibu na wanyamapori huenda akapendelea kuona maduka. Kwa mgeni kama huyo kuna Suuq Mugdi, ambalo jina lake kwa Kisomali lamaanisha soko la giza.

Jioni: mto na daraja

Alasiri, elekeeni Mto Tana, ulio mrefu kuliko yote nchini Kenya. Mashamba ya kandokando yake hutoa maembe, ndizi, mapapai na matikiti, na matunda hayo huuzwa mjini. Tikiti moja likikatwa vipande huburudisha familia nzima kwa bei ndogo kuliko soda za kila mtu.

Mto utazamwe kwa mbali. Una mamba na viboko, na mtoto hapaswi kuruhusiwa kunawa wala kuchota maji ukingoni. Nyakati za mvua za Aprili na Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, hatari huongezeka. Mnamo Aprili 2024, barabara ilipofurika ng'ambo ya mto, boti ya abiria ilizama Kona Punda, karibu na Madogo, na watu kadhaa wakafariki. Maji yakiwa yamejaa, futeni sehemu hii ya ratiba.

Kila mtu mzima abebe kitambulisho. Kwa miaka mingi wasafiri wamekaguliwa karibu na daraja la Tana, na ulinzi uliimarishwa mjini baada ya shambulio la Aprili 2, 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa, ambapo watu 148 waliuawa. Aliyesahau kitambulisho asivuke kuelekea Madogo. Epukeni pia kupiga picha za daraja na za maafisa wa usalama.

Bajeti

Andika mambo matatu pekee: maji, chakula na nauli. Jazeni madumu nyumbani, kiasi kisichopungua lita 2 kwa kila mtu mzima. Anjera na chai ya asubuhi viliwe kabla ya kutoka, na chakula cha mchana kipikwe nyumbani. Mjini nunueni matunda, sambusa na maziwa ya ngamia tu. Tengeni akiba ya nauli ya tuktuk moja ya kumrudisha mapema atakayechoka, na fedha hizo zisiguswe kwa jambo jingine.

Wakati wa Ramadhani matembezi ya asubuhi yaachwe kabisa. Badala yake, tokeni baada ya alasiri na mrudi nyumbani kwa futari. Siku ya Ijumaa, kumbukeni kwamba maduka mengi hufungwa wakati wa sala ya adhuhuri.